Rangi ya pili kwenye meza ya leza

Tangu Oktoba 2023, kila nikimwambia mtu kwamba kazi yangu ni mapigo mafupi ya mwanga, naulizwa habari za kamera. Kamera ipi? Ile ya Nobeli, ya kupiga picha elektroni. Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walipotangazwa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia, vyombo vya habari vilitafuta kitu ambacho msomaji angekielewa kabla chai haijapoa, na kamera ndiyo iliyopatikana. Elektroni zina mbio, wanasayansi wameunda flashi yenye mbio zaidi, picha imetoka. Halafu hufuata ile hesabu ya kustaajabisha: atosekunde (sekunde ikigawanywa vipande bilioni, kisha kila kipande vipande bilioni tena) zilizomo ndani ya sekunde moja ni zaidi ya maradufu ya sekunde zote zilizopita tangu ulimwengu uanze. Hesabu ni sahihi, ila haikusaidii kuelewa chochote.

Ubaya wa mfano wa flashi ni kwamba unamfanya mtu adhani mahali fulani kuna swichi inayowashwa na kuzimwa upesi kupita swichi zote. Hakuna swichi ya namna hiyo, na hakuna kifaa cha elektroniki kinachokaribia. Mpigo wa mwanga huwa mfupi kwa sababu ya rangi zilizomo ndani yake: ni rangi zipi, zimetandaa kwa upana gani, na zinakutanaje. Mimi ni mmoja wa watu wanaolipwa kuzipanga hizo rangi. Niko kwenye maabara moja huku Ujerumani, baada ya kusoma fizikia Dar es Salaam, na kwenye meza yangu kuna leza kubwa ya fuwele ya yakuti iliyotiwa titani, ambayo mwanga wake nauchanganya na mwanga mwingine dhaifu wa rangi tofauti. Huo mwanga dhaifu ndio ninaotaka kuuzungumzia, maana habari za Nobeli ziliupita bila hata salamu.

Tuanze na upana. Kile kitochi chekundu cha leza ambacho wahadhiri huelekezea slaidi kina rangi moja nyembamba sana, na wimbi lake huenda tu, halina mwanzo wala mwisho wa kueleweka. Ukitaka wimbi lenye mwanzo na mwisho, lazima uchanganye. Chukua wapiga ngoma kumi, kila mmoja na mwendo wake, uwaambie wagonge pamoja pigo la kwanza. Utasikia kishindo kimoja; baada ya hapo kila mtu anashika njia yake na kishindo kinasambaratika. Miendo yao ikitofautiana kidogo, watakwenda karibu karibu kwa muda. Ikitofautiana sana, kishindo kinakatika papo hapo. Mawimbi ya mwanga yana la ziada ambalo ngoma hazina: yanapopishana yanafutana, kwa hiyo nje ya kishindo hubaki giza.

Hesabu yake haina huruma. Mpigo wa atosekunde 100 unahitaji rangi zilizotandaa kwa takriban elektronivolti 18 (elektronivolti ndicho kipimo tunachopimia nishati ya kila rangi). Mwanga wote tunaouona kwa macho, kutoka wekundu wa mwisho hadi urujuani wa mwisho, umetandaa kwa kama elektronivolti moja na nusu tu. Hata ukiutumia wote na kuupanga bila kasoro, hupati mpigo mfupi kuliko femtosekunde moja na ushei, yaani atosekunde elfu moja na kitu. Mwaka 1987 maabara za Bell kule Marekani zilifika femtosekunde 6. Mapigo ya femtosekunde, hata yale marefu kuliko hayo, yalimtosha Ahmed Zewail, Mmisri mzaliwa wa Damanhur, kufuatilia vifungo vya kikemia vikikatika, na mwaka 1999 akapewa Nobeli ya Kemia. Molekuli zinaridhika na femtosekunde. Elektroni haziridhiki: kwa hesabu ya zamani ya mwanafizikia Niels Bohr, elektroni ya hidrojeni inamaliza mzunguko wake kwa atosekunde 150 hivi.

Kwa hiyo ni lazima kutoka kwenye rangi za macho na kwenda urujuanimno wa mbali, ambako huwezi kununua leza dukani. Mlango ulifunguka mwaka huohuo wa 1987, huko Saclay nje ya Paris. Anne L'Huillier na wenzake walielekeza leza ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 kwenye gesi ya argoni, wakapata rangi mpya ambazo masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ni mara 3, mara 5, mara 7 ya ile ya awali, na kuendelea hadi mara 33. Tunaziita harmoniki. Ilitarajiwa kwamba kila inayofuata ingekuwa dhaifu kupindukia kuliko iliyotangulia. Za mwanzo zilidhoofika kweli, lakini zilizofuata zikabaki na nguvu karibu sawa, moja baada ya nyingine, mpaka zilipokatika ghafla kama ukingo wa genge.

Mwaka 1993 Paul Corkum wa Kanada alitoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo mwanafunzi mpya anafundishwa wiki ya kwanza. Uga wa umeme wa leza (nguvu ya umeme iliyo ndani ya wimbi lake) ukifika kileleni unapinda ukuta unaoishikilia elektroni kwenye atomi, na elektroni inapenya ikatoka. Uga unaisukuma mbali. Kisha uga unageuka, maana wimbi ni la kwenda na kurudi, na elektroni inarudishwa mbio kule ilikotoka. Ikikutana tena na atomi yake, nishati yote iliyokusanya njiani inatoka kama fotoni moja ya urujuanimno. Safari nzima inakwisha ndani ya wimbi moja la leza, ambalo kwa leza yangu ya nanomita 800 ni femtosekunde 2.67.

Tukio hilo linajirudia kila nusu ya wimbi, mara uga ukielekea kulia, mara kushoto. Kulia na kushoto vinafanana kwa kila kitu isipokuwa mwelekeo, na ndiyo sababu harmoniki za namba shufwa zinafutana, zinabaki za witiri peke yake. Kila nusu ya wimbi pia inatoa mlipuko wake mfupi wa urujuanimno. Mwaka 2001 timu ya Agostini huko Ufaransa ilipima msururu wa milipuko hiyo na kukuta kila mmoja una atosekunde 250. Mwaka huohuo timu ya Krausz huko Vienna iliutenga mmoja peke yake, wa atosekunde 650.

Hapo ndipo habari za magazeti huishia. Kwetu sisi ndipo kazi inapoanza, kwa sababu leza ya rangi moja inakupa kile inachotaka yenyewe. Kilele cha kulia kina urefu sawa na cha kushoto, elektroni inatoka wakati uleule na kurudi kwa njia ileile. Unaweza kuongeza nguvu, lakini ukizidisha, atomi zote zinapoteza elektroni, gesi inageuka plazma, na mwanga wa urujuanimno unakufa. Nguvu peke yake haikufikishi mbali.

Sasa leta rangi ya pili. Njia rahisi ni kupitisha ile infraredi ya nanomita 800 kwenye fuwele ya BBO, nyembamba, haifiki milimita moja. Sehemu ndogo ya mwanga inageuka nanomita 400, buluu inayoelekea urujuani, ambayo masafa yake ni mara mbili kamili ya mwanga mama. Hizo mbili zinasafiri pamoja mpaka kwenye gesi, na pale zinapojumlishwa wimbi linapoteza ulinganifu wake: nusu moja inapanda zaidi, nusu ya pili inashuka. Na elektroni haziendi na uga kwa uwiano wa moja kwa moja. Uga ukipungua kidogo, idadi ya elektroni zinazopenya inaporomoka. Kwa hiyo buluu kidogo inafanya kazi kubwa kupita kiasi chake. Ukiwa na asilimia moja tu ya nguvu ya leza mama, harmoniki za shufwa zinaanza kuonekana. Ukiiongeza hadi kuwa sehemu ya maana ya nguvu yote, moja ya zile nusu mbili inanyamaza, na unabaki na mlipuko mmoja kwa kila wimbi zima badala ya miwili. Watafiti wa Lund, Sweden, walilionyesha hilo mwaka 2006.

Ukifika kwenye meza yenyewe, vitu vinavyohusika ni vidogo na havivutii macho. Mwanga wa nanomita 800 uko ukingoni mwa uwezo wa jicho. Kwenye kadi nyeupe unaonekana kama doa jekundu lililochoka, ingawa una nguvu ya kukutoboa jicho, na ndiyo maana hakuna anayeingia bila miwani. Weka BBO kwenye njia yake, izungushe taratibu, na kwenye pembe fulani ile kadi inawaka buluu kali. Wageni hupenda hapo. Shida inaanza mara tu baada ya hapo. Buluu inakwenda polepole kuliko infraredi ndani ya kioo, hivyo zikipita kwenye lenzi au dirisha la chemba ya ombwe, buluu inachelewa na zinaachana kabla ya kufika kwenye gesi. Dawa yake ni kipande cha kalsaiti, jiwe ambalo kwa mpangilio wake wa ndani linaiwezesha buluu kutangulia, ili ule ucheleweshaji wa baadaye uzirudishe pamoja. Baada ya kalsaiti kuna bamba jembamba la kusawazisha mielekeo ya mawimbi mawili, na baada yake kabari mbili za kioo cha silika zilizopangwa kinyume, moja ikiwa juu ya mota ndogo.

Hiyo kabari ndiyo usukani wangu. Ukiisukuma ndani, mwanga unapita kwenye kioo kinene zaidi na fezi kati ya rangi mbili, yaani jinsi vilele vya mawimbi yao vinavyopishana, inabadilika. Mikromita 24 hivi za kioo zinazungusha fezi mzunguko mzima. Namwachia kompyuta aisukume kwa hatua ndogo, mimi natazama skrini ya spektromita, kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga, ambako harmoniki zinatokea kama mistari ya kijani iliyosimama wima, mmoja pembeni ya mwingine. Bila buluu kuna mistari mikali ya witiri na kati yake giza. Buluu ikiingia, kwenye kila giza unachipuka mstari mpya. Kabari ikisogea, hiyo mistari mipya inafifia, inang'aa, inafifia tena, kila baada ya mikromita 12, maana kugeuza kulia kuwa kushoto hakubadilishi kitu kwa gesi.

Sasa angalia vizuri, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Mistari haing'ai yote kwa pamoja. Wa harmoniki ya chini unafika kileleni kabari ikiwa mahali fulani, wa harmoniki ya juu unafika kabari ikiwa imesogea kidogo zaidi. Ukichora yote kwenye grafu moja, vilele vinajipanga kwa mshazari. Mshazari huo unatokana na kwamba elektroni zenye nishati tofauti hazikurudi kwenye atomi wakati mmoja. Zimepishana kwa makumi na mamia ya atosekunde. Nirit Dudovich, akiwa na kundi la Corkum, aliitoa njia hii mwaka 2006 kama kipimo: buluu dhaifu, isiyotosha kuvuruga chochote, inayokuambia kila rangi ya mlipuko ilizaliwa lini. Nikimwonyesha mgeni ule mshazari, humwambia kuwa ndiyo saa yenyewe, na wengi wao huendelea kutafuta kamera iko wapi.

Kuna wanaopendelea kutenganisha rangi mbili kwenye njia mbili, kila moja na vioo vyake, kisha kuziunganisha mwishoni. Inakupa uhuru wa kurekebisha kila rangi kivyake. Inakupa pia maradhi ya moyo. Njia moja ikirefuka kwa nanomita 20 tu, umepoteza atosekunde 67, na nanomita 20 zinaletwa na mlango uliofungwa kwa nguvu, kiyoyozi kilichobadilisha mawazo, au fundi anayepita na toroli ya mitungi ya gesi korido ya nje. Kuna mifumo ya kufuatilia na kusahihisha mitetemo hiyo, na inafanya kazi vizuri, ila ni mradi mwingine juu ya mradi wako. Mimi ni wa kambi ya njia moja: rangi zote zipite kwenye vioo vilevile, zitetemeke pamoja. Uhuru mdogo, usingizi mnono.

Shangazi yangu wa Tanga hupiga simu Jumapili. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, baba. Bado unacheza na taa?" "Bado, shangazi, ila sasa ni taa mbili." "Basi wakulipe mara mbili."

Nilisema buluu ni dhaifu, lakini si lazima iwe dhaifu, wala si lazima ielekee upande mmoja na infraredi. Mwaka 2005 watafiti wa Korea Kusini waliiweka buluu yenye nguvu ikitetemeka kwa pembe ya digrii 90 dhidi ya infraredi, wakaelekeza zote kwenye heli, na harmoniki zilizotoka zilikuwa na nguvu kwa mbali kuliko za rangi moja. Elektroni hapo haiendi mstari mnyoofu tena, inachora njia iliyopinda, na fezi ndiyo inayoamua kama itarudi nyumbani au itapotea.

Mchezo ninaoupenda kuliko wote ni wa duara. Ukitumia rangi moja na kuufanya uga wake uzunguke kama mshale wa saa, harmoniki zinakufa, kwa sababu elektroni inayosukumwa kwa mzunguko hairudi kwenye atomi. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa tatizo la kweli, maana mwanga wa urujuanimno unaozunguka ndio unaohitajika kuchunguza sumaku na zile molekuli zilizo za aina mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Suluhisho ni rangi mbili: infraredi izungushwe upande mmoja, buluu izungushwe upande wa pili. Zikijumlishwa, ncha ya uga inachora ua la petali tatu. Kila petali inaitoa elektroni na kuirudisha karibu kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo inapatikana milipuko mitatu kwa kila wimbi, kila mmoja umegeuzwa digrii 120 kutoka uliotangulia. Jumla ya hiyo milipuko iliyonyooka ni harmoniki zinazozunguka. Zinatoka kwa jozi: moja inazunguka kulia, jirani yake kushoto, na ya tatu haipo kabisa. Kwenye skrini unaona mistari miwili na pengo, miwili na pengo. Wajerumani walikuwa wamezitoa harmoniki kwa mchanganyiko huu tangu 1995, lakini ilichukua hadi 2014 kwa watafiti wa Israeli kuthibitisha kwamba mwanga unaotoka unazunguka kweli na kwamba unaweza kuudhibiti. Karibu miaka ishirini imelala katikati hapo, na sioni sababu nyingine isipokuwa kwamba watu walikuwa wanakimbiza rekodi za ufupi.

Rekodi zenyewe nazitaja haraka, kwa kuwa najua mtauliza. Atosekunde 80 huko Garching, Ujerumani, mwaka 2008, 67 huko Florida mwaka 2012, kisha mwaka 2017 zikaja 53 na, muda mfupi baadaye, 43 kutoka Zürich. Rekodi ya Florida ilitumia hila ambayo ndani yake kuna rangi ya pili: uga wa mzunguko unaoifungia milipuko mlango kila mahali isipokuwa katikati ya mpigo, na buluu inayoongeza nafasi kati ya mlipuko na mlipuko ili mlango upate muda wa kufunga. Kusikia "67" hakukuambii lolote kati ya hayo.

Wazo la kujenga mpigo kwa kuunganisha rangi lilitangulia haya yote. Mwaka 1990 Theodor Hänsch, ambaye baadaye alipata Nobeli kwa kazi nyingine, alipendekeza kuchukua leza kadhaa za rangi tofauti, kuzifunga fezi zao pamoja, na kuzijumlisha hadi kupata mpigo mfupi kuliko femtosekunde. Wakati huo hakuna aliyeweza kufanya hivyo. Mwaka 2011 kikundi cha Andy Kung huko Taiwan kilitumia hidrojeni kutengeneza rangi tano, kutoka nanomita 2406 kwenye infraredi hadi 481 kwenye buluu, zote zikiwa masafa ya mara 1, 2, 3, 4 na 5 ya ile ya kwanza. Kwa kurekebisha nguvu na fezi ya kila moja waliunda wimbi la mwanga lenye umbo la mraba, na jingine lenye umbo la meno ya msumeno. Wahandisi wa umeme hufanya hivyo kwa waya tangu zamani, kwa kasi ya maelfu au mamilioni ya mizunguko kwa sekunde. Hapa ni mwanga wenyewe, zaidi ya mizunguko trilioni 100 kwa sekunde, umekatwa mraba. Sijawahi kuzoea grafu ile.

Garching walikwenda kwa njia nyingine. Walichukua mwanga mweupe uliotandaa kutoka infraredi hadi urujuanimno, elektronivolti 1.1 hadi 4.6, wakaugawa kwa vioo kwenye mikondo minne, wakasawazisha kila mkondo kivyake na kuiunganisha tena. Mwaka 2016 Mohammed Hassan, Mmisri mwingine, pamoja na Eleftherios Goulielmakis na wenzao walitoa mpigo wa atosekunde 380 ambao sehemu yake kubwa ni mwanga wa kuonekana. Mpigo huo hauna hata wimbi moja kamili ndani yake, ni kilele kimoja kikuu kilichoinuka na kushuka. Waliutumia kuuliza kama elektroni zilizomo ndani ya atomi ya kriptoni zinaitikia mwanga papo hapo, kama vitabu vilivyodhania. Haziitikii papo hapo. Zinachelewa, hadi atosekunde 115. Siku hizi Hassan yuko Chuo Kikuu cha Arizona, na ukitaka kumtajia mwanafunzi wa Kiafrika jina baada ya Zewail, hilo hapo.

Kuna mchango mmoja wa rangi mbili ambao hauna mvuto wa rekodi na ambao naona ndio wenye faida zaidi kwa maabara za kawaida. Ili kutenga mlipuko mmoja, njia ya Vienna ilihitaji leza yenye mpigo mfupi mno, mawimbi mawili matatu tu, na leza kama hizo ni ghali, zina deko, na haziongezeki nguvu kirahisi. Mwaka 2013 kikundi cha Eiji Takahashi na Katsumi Midorikawa wa RIKEN, Japani, kilichanganya nanomita 800 na nanomita 1300. Hizi hazina uwiano wa mara mbili. Kwa hiyo zinakutana vilele, zinaachana, na hazikutani tena vizuri mpaka zipite femtosekunde 7 hivi, wakati kwa rangi moja mlipuko unakuja kila femtosekunde 1.33. Nafasi imepanuka mara tano. Leza ya kawaida yenye mpigo mrefu, isiyo ya kubembelezwa, sasa inaweza kutoa mlipuko mmoja peke yake, na kwa kuwa ina nguvu, mlipuko nao unakuwa na nguvu: atosekunde 500, mikrojouli 1.3, gigawati 2.6. Mwaka 2020 kikundi hichohicho kilionyesha mfumo wa rangi tatu wenye jumla ya milijouli 50, fezi zote zikiwa zimefungwa. Kwa nini nishati ni muhimu? Kwa sababu ukiwa na mlipuko hafifu unaweza kuutumia kwa upande mmoja tu wa jaribio, na upande wa pili lazima utumie leza mama. Ukiwa na nishati ya kutosha unaweza kuamsha elektroni kwa mlipuko mmoja wa atosekunde na kuipima kwa mwingine.

Huko Trieste, Italia, hawatumii hata gesi. Leza ya FERMI, iliyoko Basovizza juu ya mji, inatoa mwanga kutoka kwenye elektroni zinazokimbizwa kati ya safu za sumaku. Kila safu inaweza kuwekwa itoe harmoniki yake, na kati ya safu na safu kuna kifaa cha kuchelewesha elektroni kidogo, hivyo fezi ya kila rangi inarekebishwa peke yake. Mwaka 2020 walitangaza kwamba kwa kujumlisha harmoniki chache namna hiyo wameyapa mapigo ya atosekunde maumbo waliyoyataka. Kwenye gesi, asili ndiyo inayokupangia fezi za harmoniki na wewe unajaribu kuishawishi kwa rangi ya pili. Kule unakaa mezani na kuchagua. Kilomita chache chini, ufukweni Miramare, kipo ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam mwaka 1964, ambacho wanafizikia wengi wa Afrika Mashariki wamepitia kwa kozi za wiki chache au kwa miaka. Tangu 2018 kina taasisi dada Kigali. Ukipata nafasi ya kozi yao ya leza inayofanyika wakati wa baridi, omba ruhusa ya kupanda Basovizza.

Faida ya yote haya kwa mtu wa mtaani bado haijafika, na simwamini anayesema imefika. Kilichopo ni maarifa. Mwaka 2010 ilipimwa kwamba mwanga ukigonga atomi ya neoni, elektroni za tabaka mbili jirani hazitoki pamoja. Moja inachelewa kwa atosekunde 21. Nadharia zilitoa namba ndogo zaidi, na mabishano yakaendelea miaka saba mpaka kundi la Lund lilipotenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika kwenye kipimo cha kwanza. Atosekunde 21 ziliwakalisha watu wazima mezani kwa miaka saba.

Huku kwetu mjadala wa sasa ni rangi ngapi. Kwenye karatasi, wimbi bora la kuirudisha elektroni na nishati kubwa linajulikana tangu 2009: linapanda taratibu kwa mstari mnyoofu kisha linageuka ghafla, na kulikaribia unahitaji kujumlisha rangi kadhaa. Wenzangu vijana wanataka nne. Mimi nimeomba tatu: 800, buluu yake, na infraredi ya 1300 ambayo tayari tunayo kwenye meza ya jirani. Rangi ya tatu inakupa nafasi ya kutenga mlipuko, buluu inakupa usukani, na fezi za kufunga ni mbili tu. Ya nne inaongeza fezi ya tatu, kioo kingine cha kuunganisha, na mtu mmoja wa kukesha nayo. Kwa bajeti tuliyo nayo huyo mtu hayupo, na mota ya kabari ya pili imeagizwa, inatakiwa kufika kabla ya Pasaka.